Somo la 8: Shamba la Pahom na Kaburi la Ibrahimu

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 13, Mwanzo 23, 1 Wafalme 21:1-19, Ayubu 1:6-12, Isaya 5:8, Mathayo 4:8-10, Luka 12:13-21, Matendo 7:5, Waebrania 11:8-16.

Fungu la kukariri: Luka 12:15. Kila mshiriki alikariri kutoka katika Biblia yake.

Mwaka 1886 mwandishi wa Urusi, Leo Tolstoy, alitoa hadithi fupi ambayo jina lake kwa Kiswahili ni "Mtu Anahitaji Ardhi Kiasi Gani?" Ilikuwa imepita miaka 25 tu tangu mfalme wa Urusi alipowaachia huru wakulima waliokuwa mali ya mabwana zao. Uhuru waliupata mwaka 1861, lakini wengi walibaki na vishamba visivyowatosha. Njaa ya ardhi ilikuwa kila kijiji. Tolstoy aliwaandikia watu hao kwa maneno mepesi, na kwa kuwa walikulia katika kusikia Maandiko kanisani, aliijaza hadithi yake picha za Biblia bila kutaja sura wala fungu.

Washiriki wengine watauliza kama inafaa hadithi ya kubuniwa kuletwa katika shule ya Sabato. Swali hilo ni halali, kwa maana kanisa limeonywa mara nyingi juu ya usomaji unaosisimua moyo na kuacha Biblia ikipata vumbi. Hata hivyo Yothamu alisimama juu ya mlima Gerizimu akasimulia habari za miti iliyotafuta mfalme (Waamuzi 9:7-15). Nathani alimwendea Daudi na kisa cha kondoo mmoja, na mfalme akatoa hukumu kabla hajajua kwamba anajihukumu mwenyewe (2 Samweli 12:1-7). Naye Bwana wetu alifundisha makutano kwa mifano. Hadithi ya mfano ni chombo, na chombo hupimwa kwa kile kinachobebwa ndani yake. Juma hili tutaipima hadithi ya Pahom kwa Neno, tukiangalia inakolingana na Maandiko na mahali inapoishia njiani.

Kanuni moja ituongoze tangu mwanzo. Katika mfano, si kila kitu ni ishara. Tunaposoma habari za tajiri na Lazaro (Luka 16:19-31) hatujengi fundisho la hali ya wafu juu ya ulimi uliotaka tone la maji. Hadithi ya Tolstoy nayo isomwe kwa kiasi hicho hicho.

JUMAPILI
Aliyekuwa nyuma ya jiko

Hadithi inaanza na ndugu wawili wa kike wakinywa chai. Mkubwa ameolewa na mfanyabiashara mjini, mdogo ameolewa na mkulima kijijini, na kila mmoja anayasifu maisha yake. Mdogo anasema kwamba shida za kijijini ni nyingi, lakini angalau mkulima yuko mbali na majaribu ya mjini, yaani karata, pombe na wanawake. Mume wake, Pahom, amelala juu ya jiko kubwa la matofali, kama Warusi walivyozoea kufanya kwa sababu ya baridi, naye anasikiliza. Anakubaliana na mkewe. Anawaza kwamba mkulima aliyeshika jembe tangu utoto hana nafasi ya upuuzi. Taabu yake ni moja tu: ardhi ni ndogo. Angekuwa na ardhi ya kutosha, asingemwogopa mtu yeyote, hata Ibilisi mwenyewe.

Kumbe Ibilisi ameketi nyuma ya jiko lile lile, na amesikia yote. Anaamua kushindana na Pahom. Atampa ardhi anayoitaka, na kwa ardhi hiyo hiyo atamnasa.

Soma Ayubu 1:6-12. Shetani alidai nini juu ya Ayubu, na alitaka kifanyike nini ili dai lake lithibitike?

Tolstoy ameligeuza shauri lile la mbinguni. Katika Ayubu, Shetani anasema kwamba mtu huyu akinyang'anywa atamkufuru Mungu. Nyuma ya jiko anasema kwamba mtu huyu akipewa atapotea. Kanisani huwa tunawaombea sana waliopungukiwa, waliofukuzwa kazi na waliouguliwa, na tunafanya vema. Ni mara chache tunamwombea ndugu aliyepandishwa cheo au aliyevuna magunia mengi kuliko mwaka uliopita. Shetani wa hadithi hii anajua kwamba mlango huo mara nyingi hauna mlinzi.

Angalia pia Pahom alivyoanguka. Hakujisifu kwa mali, maana hakuwa nayo. Alijisifu kwamba hajaribiki. Linganisha na 1 Wakorintho 10:12.

Baada ya hapo Ibilisi hajitokezi tena waziwazi mpaka karibu na mwisho. Msimulizi anamtaja pale wanakijiji walipotaka kununua shamba la jirani kwa pamoja, wakashindwa kuelewana kwa sababu yule mwovu alipanda fitina kati yao. Basi kila mmoja akanunua kipande chake. Wasomaji wengi hulipita jambo hili haraka, lakini hila ya kwanza ya adui katika hadithi hii ilikuwa kuwatenganisha majirani.

JUMATATU
Shamba juu ya shamba

Pahom ananunua shamba lake la kwanza kwa njia ambayo mzee yeyote wa kanisa angeisifu. Anatoa akiba yake ya rubli 100, anauza mwana-farasi na nusu ya nyuki wake, anampeleka mwanawe akafanye kibarua na kuchukua mshahara mapema, na kiasi kilichobaki anamkopa shemeji yake. Anapanda, mavuno yanakuwa mazuri, na ndani ya mwaka mmoja anamaliza madeni yote. Hakuiba wala hakusema uongo. Akitembea katika shamba lake, hata nyasi na maua anayaona kuwa tofauti na ya mashamba mengine.

Darasa lisimame kidogo hapa. Kama Tolstoy angemfanya Pahom mwizi, tungemhukumu na kwenda zetu. Lakini tangu Edeni jaribu limekuja katika kitu kizuri. Mwanzo 3:6 inasema mwanamke aliuonaje ule mti?

Kabla ya kununua, ng'ombe na farasi wa Pahom walikuwa wakipotea na kuingia katika shamba la mama mmoja mwenye ardhi, na msimamizi wa shamba, askari mstaafu, alikuwa akimtoza faini mpaka akaichukia nafsi yake. Sasa ni ng'ombe wa majirani wanaoingia kwake. Mwanzoni anavumilia, kisha anawapeleka mahakamani, na wanatozwa faini. Usiku mmoja mtu anakata miti yake. Pahom anamshuku jirani yake Simon, anamshitaki bila ushahidi, na Simon anapoachiliwa, Pahom anawatukana waamuzi kwamba wanakula na wezi. Majirani wanaanza kusema kwamba nyumba yake ichomwe. Yule aliyeumizwa na msimamizi mkali amekuwa msimamizi mkali zaidi, na mkono wa askari wake ni mahakama.

Soma Isaya 5:8. Nabii anasema mtu anayeunganisha shamba na shamba ataishije mwishoni?

Ole ya Isaya haimlaani mkulima mwenye bidii. Inamlilia mtu atakayebaki peke yake katikati ya nchi, kwa kuwa amewamaliza jirani zake. Pahom alikuwa na ardhi zaidi na watu wachache zaidi.

Soma sasa Luka 12:13-21. Mfano wa tajiri mpumbavu ulitolewa kwa sababu mtu mmoja alimwomba Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi. Yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha ukoo baada ya mazishi ya baba anaifahamu sauti ya ombi hilo. Yesu hakusema kwamba mtu yule hana haki. Alikataa kuwa mwamuzi wake, kisha akaonya juu ya choyo. Inawezekana kabisa mtu awe na haki yake mkononi na choyo moyoni kwa wakati mmoja. Hati ya shamba haiwezi kuonyesha tofauti hiyo.

Baadaye mgeni anapita na habari za nchi ya ng'ambo ya mto Volga, ambako ngano nyeusi inakua ndefu kama farasi. Pahom anakwenda kuona, anarudi, anauza kila kitu na kuhama na jamaa yake. Huko anapata ardhi mara kadhaa ya ile ya kwanza. Mwaka wa kwanza anafurahi. Akizoea, anaiona ndogo.

Linganisha na Lutu katika Mwanzo 13:10-12, 14:12, na 19:1. Aliinua macho akaona bonde lenye maji. Akapiga hema kuelekea Sodoma. Kisha tunamkuta anakaa ndani ya Sodoma. Mwisho ameketi langoni. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyoonekana kuwa kubwa.

JUMANNE
Vilima viwili

Mfanyabiashara mwingine anapita na habari mpya: katika nchi ya Wabashkiri ardhi inapatikana karibu bure. Yeye mwenyewe amewapa wazee wao majoho, mazulia, chai na mvinyo, akapata eneo kubwa mno kwa rubli 1,000. Pahom anamwachia mkewe nyumba, anamchukua mtumishi mmoja, ananunua zawadi na kuondoka.

Wabashkiri ni watu wa mbuga, wafugaji wanaokaa katika mahema, wanakunywa maziwa ya farasi yaliyochachushwa na wala hawalimi. Tolstoy aliwafahamu. Alikwenda mwenyewe katika mbuga za Samara kunywa maziwa hayo kwa ajili ya afya yake, na mwaka 1871 alinunua ardhi huko. Aliandika juu ya tamaa aliyoijua kutoka ndani.

Mkuu wa Wabashkiri anamwambia Pahom kwamba bei ni rubli 1,000 kwa siku. Ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu tangu jua kuchomoza itakuwa yake, kwa sharti moja: arudi mahali alipoanzia kabla jua halijachwa. Akichelewa, fedha zake zimepotea. Alfajiri wanapanda kilima. Mkuu anavua kofia yake ya manyoya ya mbweha na kuiweka chini iwe alama, anaunyosha mkono wake juu ya uwanda, na kumwambia kwamba vyote macho yanavyoviona ni vyao na achague anachotaka.

Soma Mathayo 4:8-10, kisha Mwanzo 13:14-17. Mambo gani yanafanana katika mafungu haya mawili? Ni nani anayesema katika kila moja, na anadai nini?

Mtu aliyekulia katika Injili hawezi kukisoma kilima kile bila kukumbuka mlima mrefu ambao juu yake mjaribu alimwonyesha Kristo milki zote za ulimwengu. Lakini Biblia ina mahali pengine pa juu. Lutu alipokwisha kuchagua sehemu yake, Mungu alimwambia Abramu ainue macho yake pande zote nne, kisha asimame na kuitembea nchi katika urefu na upana wake. Kwa nje, Abramu na Pahom wanafanya jambo lile lile: wote wawili wanaitembea nchi wanayoonyeshwa. Abramu anaitembea kwa kuwa amekwisha kupewa. Pahom anaitembea ili apate, na kila hatua asiyoipiga anaihesabu hasara. Hakuna aliyemwekea Abramu sharti la jua.

Jambo moja lisemwe kwa uaminifu. Ni rahisi kumfanya mkuu wa Wabashkiri kuwa Shetani, na ndoto tutakayoisoma kesho inaelekea upande huo. Lakini Wabashkiri wa kweli walikuwa taifa lililopoteza ardhi nyingi katika karne ya 19 kwa wanunuzi waliolipa bei ya kutupa. Mfanyabiashara aliyewafikia wazee na mvinyo na majoho hana tofauti kubwa na Ahabu aliyempa Nabothi maneno matamu kabla ya barua za Yezebeli (1 Wafalme 21:2). Tunapomsikitikia Pahom tusisahau kuuliza ni ardhi ya nani aliyokuwa akiikimbilia. Mambo ya Walawi 25:23 inasema nchi ni ya nani, na wanaokaa juu yake ni akina nani mbele zake?

JUMATANO
Mpaka jua lichwe

Usiku kabla ya safari yake Pahom halali mpaka karibu na alfajiri, ndipo anaota. Anamsikia mtu akicheka nje ya hema. Anatoka, anamkuta mkuu wa Wabashkiri ameshika mbavu kwa kicheko. Akimkaribia, kumbe si mkuu, ni yule mfanyabiashara. Akimtazama tena, ni yule mgeni aliyeleta habari za ng'ambo ya Volga. Halafu ni Ibilisi mwenyewe, na mbele yake amelala mtu peku, mwenye shati na suruali tu, amekufa. Pahom anautazama uso wa maiti na kujiona mwenyewe.

Anaamka, anaogopa kidogo, kisha anajiambia kwamba ni ndoto tu. Nje kunapambazuka. Anakwenda kuwaamsha wenyeji ili wasichelewe.

Katika Maandiko, maonyo huwafikia hata watu wasiotarajia: Abimeleki alionywa katika ndoto akamrudisha Sara (Mwanzo 20:3-8), na mke wa Pilato aliteseka katika ndoto akatuma neno kwa mumewe (Mathayo 27:19). Mmoja alitii asubuhi na mapema. Mwingine aliletewa onyo akiwa ameketi katika kiti cha hukumu, akaendelea. Pahom ameonyeshwa mambo yote yaliyofichika, mpaka na sura za waliomvuta, na lililomzuia kusikia ni kwamba kumekucha na kuna kazi.

Akiwa na sepetu mkononi anashuka kilimani kuelekea mashariki. Anachimba alama, anaongeza mwendo. Jua likipanda anavua viatu. Anataka kugeuka kona, lakini mbele yake ardhi ni nzuri zaidi, anaona kuiacha ni hasara. Amekwisha kwenda mbali mno upande wa pili, na karibu anageuka, anapoona bonde lenye unyevu. Anafikiri kwamba kitani kitastawi pale. Analizunguka bonde na kuliingiza ndani ya mpaka wake. Bonde lile ndilo linalomwua. Asingelichukua, angefika kilimani akiwa hai na shamba ambalo hakuna mtu wa kijiji chake aliyewahi kuliota.

Upande wa tatu anaukata mfupi, na wa nne anaukimbia. Miguu imechanika, kinywa kimekauka, moyo unapiga kama nyundo. Anawaza kusimama, lakini anaona aibu: baada ya kukimbia kote huko, watu watamwita mpumbavu. Anafika chini ya kilima, na kwake jua limekwisha kuzama. Anasikia Wabashkiri wakimpigia kelele, anakumbuka kwamba walio juu bado wanaliona, anavuta pumzi na kupanda. Mbele ya kofia ameketi mkuu, anacheka na kushika mbavu. Pahom anaikumbuka ndoto yake. Anaanguka mbele, na mikono yake inaigusa kofia.

Mkuu anampongeza kwa ardhi nyingi aliyoipata. Mtumishi anakuja kumwinua, anakuta damu inatoka kinywani. Amekufa.

Soma tena Luka 12:20. Mungu alimpa tajiri muda gani?

Kwa Waadventista, kuchwa kwa jua si neno geni. Kila juma tunaweka kazi chini jua linapozama, na tangu utoto tumefundishwa kwamba kuna saa ambayo mlango wa rehema utafungwa. Ishara ya jua katika hadithi hii inatugusa kwa hiyo kuliko inavyowagusa wengi. Kila siku Mungu huweka mpaka ambao mwanadamu hawezi kuusogeza kwa sepetu. Pahom aliweza kupanua pande zote za shamba lake isipokuwa upande huo mmoja.

Wapo watakaogundua kwamba Pahom aliwafikia Wabashkiri siku ya saba ya safari, nao watataka kuifanya kuwa Sabato. Ni afadhali wasifanye hivyo. Hadithi haitoi dalili yoyote kwamba Tolstoy alikusudia jambo hilo, na fundisho la Sabato halihitaji msaada wa namna hiyo. Tukijizoeza kulazimisha ishara katika hadithi, tutakuja kuzilazimisha katika Danieli na Ufunuo.

ALHAMISI
Arshini tatu na pango la Makpela

Mtumishi alichukua sepetu, akamchimbia Pahom kaburi kwa urefu wa mwili wake, tangu kichwani hadi visiginoni. Lilikuwa arshini tatu, yaani mita mbili na kidogo. Hapo hadithi inaisha, na swali lililo katika kichwa chake limejibiwa.

Je, limejibiwa kweli? Miaka 12 baadaye, mwaka 1898, mwandishi mwingine wa Urusi, Anton Chekhov, alitoa hadithi juu ya mtu aliyetamani kuwa na shamba lake la matunda, na ndani yake mhusika mmoja anapinga msemo kwamba arshini tatu zinamtosha mtu. Anasema kipimo hicho ni cha maiti. Mtu aliye hai anahitaji dunia nzima, apate nafasi ya kuonyesha yote yaliyo katika roho yake. Chekhov hakuwa mtu wa dini, lakini hapo aligusa jambo ambalo Tolstoy aliliacha. Mungu hakumwumba Adamu kwa ajili ya mita mbili. Alimpa nchi yote aitawale (Mwanzo 1:28). Njaa ya Pahom ilikuwa na chanzo kitakatifu. Ilipotoka njia, kama njaa zetu nyingi.

Soma Mwanzo 23:1-20. Sara amekufa Hebroni. Ibrahimu anajiitaje mbele ya wana wa Hethi, na ananunua nini?

Mtu huyu aliahidiwa nchi yote, pande zote nne. Alikaa ndani yake kwa makumi ya miaka. Alipokuwa mzee, hakuwa na mahali pa kumlaza mkewe, ikambidi asimame mbele ya wenyeji na kununua shamba la Efroni kwa shekeli 400 za fedha, bila kubishania bei. Stefano anasema kwamba katika nchi ile Mungu hakumpa urithi hata kiasi cha kuweka mguu (Matendo 7:5). Kwa hiyo mwisho wa Ibrahimu na mwisho wa Pahom, ukivitazama kwa macho tu, vinafanana kuliko tunavyopenda kukiri. Kila mmoja aliitembea nchi. Kila mmoja alimaliza na kaburi.

Tofauti haiko katika ukubwa wa ardhi. Waebrania 11:9, 10 na 13-16 inasema Ibrahimu alikaa katika mahema kama mgeni kwa kuwa alikuwa akiutazamia mji ambao Mungu ndiye mwenye kuujenga. Alikufa katika imani, hajazipokea zile ahadi, ila aliziona tokea mbali. Makpela palikuwa mahali pa kungojea. Wafu hawajui neno lolote (Mhubiri 9:5), nao wanalala mpaka parapanda (1 Wathesalonike 4:16). Ibrahimu bado hajapewa nchi yake. Ahadi ya Mungu kwake haijafutwa na kifo, kwa sababu yule aliyeahidi anaweza kuwaita waliolala.

Hapa Tolstoy hawezi kwenda pamoja nasi. Alizipenda sana amri za Kristo katika hotuba ya mlimani, lakini hakuamini uungu wake wala kufufuka kwake, na mwaka 1901 kanisa la Kiorthodoksi la Urusi lilitangaza kwamba hayumo tena katika ushirika wake. Hilo halitupi ruhusa ya kumdharau. Katika kumfichua Shetani nyuma ya jiko aliona mbali kuliko wahubiri wengi. Lakini linaeleza kwa nini hadithi yake inaishia kwenye sepetu. Inamwonyesha mkulima kwamba amekimbia bure, na ni kweli, lakini haina nchi nyingine ya kumwonyesha. Yesu alisema wenye upole watairithi nchi (Mathayo 5:5), na Isaya aliona watu wakijenga nyumba na kukaa ndani yake, wakipanda mizabibu na kula matunda yake (Isaya 65:21, 22). Mafungu hayo yanazungumza habari za udongo, mashamba na mavuno ambayo hakuna jirani atakayelia kwa ajili yake.

Mkulima asiyekuwa na ardhi ya kutosha hawezi kuponywa kwa kuambiwa tu kwamba atakufa. Anajua tayari kwamba atakufa. Ni nini basi utamwambia mshiriki wa darasa lako ambaye kweli shamba lake halitoshi kulisha watoto? Soma 1 Timotheo 6:6-10 na 17-19, na uangalie kwamba Paulo ana neno kwa wanaotaka kuwa matajiri, na neno jingine kwa walio matajiri tayari.

IJUMAA
Kwa kujifunza zaidi

Ellen G. White ana sura nzima juu ya tajiri mpumbavu katika kitabu chake kuhusu mifano ya Kristo, kilichotoka mwaka 1900. Aliye nacho akisome sambamba na Luka 12. Soma pia Mika 2:1, 2 na Kumbukumbu la Torati 19:14. Kiongozi wa darasa anaweza kusimulia hadithi ya Pahom kwa dakika tano kwa wale wasioijua, kabla ya kuanza maswali.

Maswali ya kujadili

1. Nabothi alikataa kuuza shamba (1 Wafalme 21:3), Ibrahimu alinunua, na Pahom alinunua zaidi. Ni nini katika moyo wa kila mmoja kilichoipa ardhi maana yake? Jadilini bila kufanya umiliki wenyewe kuwa dhambi.

2. Pahom aliona aibu kusimama kwa kuwa amekwisha kukimbia mbali. Ni mambo gani katika maisha ya mshiriki, au ya kanisa mahalia, yanayoendelea kwa sababu hiyo tu?

3. Mshiriki mmoja ana kesi ya mpaka wa shamba na jirani asiye Mwadventista. Ushahidi uko upande wake. Jirani huyo alikuwa anaanza kuja kwenye ibada. Kanisa limshauri nini? Soma Warumi 12:18 na 1 Wakorintho 6:7 kabla ya kujibu, na mzingatie pia kwamba watoto wake wanakula kutoka katika shamba hilo.

4. "Bonde lenye unyevu" ni lipi kwako juma hili? Swali hili si la kujibiwa kwa sauti. Kila mmoja aliandike jibu lake kwenye karatasi na kulipeleka katika maombi ya nyumbani.